Nanga za Harusi ya Thekla

Kanuni ya gati letu hapa kisiwani Simi inafahamika hata kwa paka. Mashua huingia kinyumenyume, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikielekea gatini, nanga ikiwa imekwisha kutupwa mbali mbele ya omo, ncha ya mbele. Aliyetangulia kufika, mnyororo wake hulala chini kabisa. Aliyechelewa, wake huwa juu ya yote. Kwa hiyo wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Mume wangu Pandelis, ambaye nimeishi naye ndani ya mashua yetu ya tanga tangu binti yetu Thekla hajaota meno, amewagombeza wageni wengi kwa kuivunja kanuni hiyo.

Ndiyo maana sijui hadi leo kilichompata mkesha wa harusi ya Thekla. Nadhani furaha ilimpanda kichwani. Kila mashua ya mwalikwa ilipochungulia mlango wa bandari, yeye alikuwa gatini akipunga kitambaa cheupe. "Karibu! Mbele zaidi! Tupa hapo hapo, ndugu yangu!" Na hapo hapo palikuwa juu ya mnyororo wetu. Alikuwa akimkirimu kila mgeni mahali pazuri kuliko pote, yaani mahali petu.

Asubuhi, Thekla alipokuwa amekwisha kuvaa shela, Pandelis alikwenda omo kung'oa nanga. Mashine ya kuvutia mnyororo iliguna mara moja, ikanyamaza.

"Mama Thekla," aliniita kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "tumelaliwa."

"Na nani?"

"Na wote."

Kanisa lilikuwa kwenye kijisiwa kilicho mdomoni mwa bandari. Bwana harusi, Stratis, alikuwa ametangulia huko pamoja na padri, kama desturi inavyotaka. Siku iliyofuata ungeanza mfungo wa Mama wa Mungu, na katika mfungo huo hakuna padri afungishaye ndoa. Kabla mfungo haujaisha, Stratis angekuwa amekwisha kupanda meli yake ya mizigo, asionekane tena hadi masika. Ilikuwa ni leo, au ni kungoja hadi mwaka mwingine.

"Apelekwe kwa mashua ndogo ya mpira," alishauri jirani mmoja.

"Bibi harusi hutoka nyumbani kwa baba yake," Thekla alijibu, "na nyumba ya baba yangu ni hii. Nitafika nayo. Baba, nani aliingia mwisho?"

Pandelis alionyesha kwa kidevu. Wa mwisho alikuwa Anargiros, mjomba wa Stratis, mtu mnene mwenye mashua nene, ambaye muda huo alikuwa akinywa kahawa yake kwa utulivu wa askofu.

"Mjomba, ng'oa nanga!" tulimpigia kelele.

"Ningependa," alisema. "Mashine yangu iliungua jana."

"Na hukusema?"

"Niliona kitambaa cheupe, nikadhani nimefika peponi. Peponi nani hulalamika?"

Basi gati zima lilimiminika ndani ya mashua ya Anargiros: wanaume wenye suti, shangazi wenye lulu, mpiga fidla aliyekuwa ameajiriwa kutumbuiza tu. Tuliushika mnyororo kwa mikono. "Vuta! Vuta!" Matope meusi yalitiririka juu ya mashati yaliyopigwa pasi. Shangazi mmoja aliteleza, akakaa juu ya Anargiros, akakataa kuondoka kwa sababu, alisema, ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kupata kiti laini. Mpiga fidla alicheka hadi akaachia, nasi tukarudishwa nyuma sote kama samaki waliomwagwa kutoka kapuni.

Hatimaye nanga ilichomoza majini. Ilikuwa imebeba mnyororo wetu, umekaza kama uzi wa fidla, wala hapakuwa na wa kuunyanyua.

"Hongera, mjomba," alisema Pandelis. "Umenivua."

"Na sikuweka hata chambo!"

Kengele ya kanisa ililia kutoka kijisiwani, na haikuwa kengele ya kukaribisha. Padri alikuwa na ubatizo kisiwa cha pili, na mashua ya kumchukua ilikwisha kuwasha injini.

Ndipo tuliposikia mchupo. Thekla alikuwa amefunga shela kiunoni, akavua viatu, akarukia mashua ya mpira. Alifika chini ya ile nanga, akapitisha kamba chini ya mnyororo wetu, akatupia ncha zote mbili juu.

"Mjomba, funga hizo! Sasa shusha nanga yako kidogo!"

Anargiros alishusha. Nanga iliteremka, mnyororo wetu ukabaki ukining'inia kwenye kamba.

"Achia ncha moja!"

Mnyororo ulianguka majini kwa kishindo, ukamwogesha bibi harusi matope kuanzia kidevuni hadi kwenye vidole vya miguu. Gati zima lilipiga vigelegele. Anargiros akatoka, aliyemtangulia akafuata, kila mmoja kwa zamu yake, hata njia ikawa wazi. Tulitweka tanga kabla nanga yetu haijamaliza kupanda, Pandelis akiimba na kulia kwa wakati mmoja, nami nikishika usukani huku nikicheka.

Padri alikuwa mlangoni mwa kanisa, mkoba begani.

"Bibi harusi yuko wapi?"

"Ni mimi, Baba."

Aliyatazama yale matope. Kisha aliuweka mkoba chini. "Ingieni. Mtoto wa watu atangoja kidogo kubatizwa. Wewe, binti yangu, naona umekwisha kubatizwa."

Kwetu, padri anapofikia maneno ya mke kumstahi mume, bibi harusi humkanyaga bwana harusi mguu, ili ijulikane mapema nani ataongoza nyumba. Stratis alikuwa na viatu vyeupe, vipya. Alimtazama Thekla, akaitazama miguu yake mitupu iliyojaa matope, naye mwenyewe, bila kungoja, akausogeza mguu wake mbele.