Mtu Asiyetazama Mpira

Kazi ya Adoch uwanjani ilikuwa kuupa mpira mgongo na kuwatazama mashabiki. Wiki iliyopita chupa ilirushwa kutoka jukwaa lake, la mashabiki wa nyumbani, na mkuu wake akamwambia kwamba ikirushwa nyingine, akivue kile kizibao cha njano na asirudi tena.

Kwa hiyo alipomwona mwanamume mmoja hatazami mpira bali anamtazama yeye, roho haikutulia. Mtu huyo alikuwa ameubana mfuko mweusi kati ya miguu. Adoch aliomba kimoyomoyo, lakini macho hakuyafumba.

Timu ya wageni, ya Nairobi, ikafunga bao. Jukwaa zima likatukana. Yule mtu akauinamia mfuko wake, na Adoch akapanda ngazi.

"Kaka, fungua."

"Dada, si hapa, tafadhali."

"Umeficha nini? Mawe?"

Akaufungua kidogo tu. Ndani mlikuwa na jezi ya timu ya Nairobi.

"Naitwa Oyugi, nauza sufuria sokoni Kikuubo," alinong'ona. "Nilikosea geti. Hawa wakijua, nimekwisha. Ndiyo maana macho yangu hayakuachi, wewe ndiye mlinzi."

"Huyo ana nini?" aliuliza shabiki wa nyuma.

"Chakula cha mkewe," Adoch alijibu, huku akimwomba Mungu msamaha. "Anaogopa mtamwomba."

"Mchoyo huyo!"

Watu wakacheka. Adoch hakushuka. Alisimama mbele ya Oyugi, na sasa aliichunguza mikono ya wale waliocheka, hasa ya yule wa nyuma, aliyeshika chupa.