Sare za Manusura

Ezekia, mkurugenzi wa nyumba yetu ya kuwaficha wanawake waliokimbia vipigo, alikuwa na kipaji kimoja tu: kuandaa hafla. Nyumba ipo nyuma ya soko la Mwanjelwa, haina kibao, na kila anayeingia anaapishwa asitaje ilipo. Kisha mkubwa huyo akatushonea sare. Kitenge cha zambarau, mgongoni maandishi meupe: Manusura wa Mbeya. Alitaka tumpendeze mgeni rasmi.

Nasi tulizipokea kwa vigelegele, sitajifanya. Nchi hii hata msiba una sare, nani angekataa nguo mpya ya bure? Faustina, aliyetoroka kwao Ipogolo, Iringa, baada ya mumewe kumvunja mkono, alizunguka uani akijitazama kama bibi harusi. Siku ya hafla tukapigwa picha. Ezekia akairusha kwenye kila kundi la WhatsApp alilomo, hata la wanakwaya wa Iringa. Kwa ujinga, mtu yule hachoki.

Aroni, mume wa Faustina, hakuhitaji akili nyingi, na hana. Picha ilipomfikia alipanda basi, akashuka Mwanjelwa, akamwonyesha muuza nyanya ile picha. Mama wa watu alizijua sare zetu, maana tulikuwa tunapita nazo kununua mboga. Akamsindikiza mpaka getini, akidhani anatuletea ndugu.

Aroni alikuja na mzee wa kanisa lao na kreti ya soda. Watu wa aina hiyo wanaamini mkono wa mke ukivunjika unaungwa kwa soda. Ezekia alipaswa kuwaita polisi. Yeye akatoa viti, akaagiza chai na maandazi, akamwita Faustina sebuleni. Nilimfuata bila kualikwa. Nimeshaishi na mwanaume wa namna hiyo, nikataka kumwona huyu wa mwenzangu. Kumbe ni kajitu kadogo, kanameza maandazi bila haya.

Mzee alihubiri uvumilivu mpaka chai ikapoa. Aroni akasema amesamehe. Yaani aliyevunja ndiye aliyesamehe. Nilitamani kumwagia ile chai usoni. Ezekia akatikisa kichwa kwa kuguswa, akamgeukia Faustina.

"Mama, mwenzio ametoka mbali. Hebu tuyajenge."

Faustina alichukua birika kama anayekwenda kuongeza chai, akaliacha jikoni, akatokea mlango wa nyuma. Nilikuwa nyuma yake. Hatukusimama mpaka polisi, kwenye dawati la jinsia.

Afande Violet alitusikiliza vizuri, sina la kumsema. Alituma askari wawili wakamkamate Aroni. Walirudi mikono mitupu: mgeni alikuwa ameshaaga, na Ezekia mwenyewe ndiye aliyemtafutia bodaboda. Hakuna aliyejua Aroni ameelekea wapi. Faustina alikaa kwenye benchi, akitazama mlangoni kila ulipofunguliwa.

"Usihofu, dada," Afande Violet alisema, akichukua simu. "Namwita dereva akurudishe kwenye nyumba ya siri, ni hiyo moja tu mjini. Kila dereva anaijua, ipo nyuma ya Mwanjelwa. Wenyewe wana sare za zambarau."

Faustina alinyoosha mkono wake mzima, akaifunika ile simu.

"Afande, naomba unilaze mahabusu," alisema. "Huko mume wa mtu hapewi chai."