Sugu Iliyonyamaza

Sugu yangu ilikuwa chini ya mguu wa kulia, pale kidole kidogo kinapoanzia, na ilijua mambo ya mvua kuliko watu wa redioni.

Niliipata kazini. Nilikuwa msoma mita za maji, nikapanda na kushuka Kinondoni nzima kwa viatu vya mtumba vinavyobana, maana viatu vizuri mnadani siku zote vilikuwa vya mtu mwenye mguu mdogo kuliko wangu. Ngozi ikakomaa, ikawa kama punje ya muhindi mkavu, na ndani yake kuna kiini. Ukikanyaga kijiwe, kile kiini kinagonga mpaka kwenye jino la nyuma.

Nilipostaafu tukahamia Goba, juu kabisa kilimani, na huko ndiko nilikogundua kwamba mvua ikikaribia sugu inapwita. Nikawaambia majirani. Nikatia na chumvi kidogo: kwamba siku Jangwani ilipofurika sugu ilinipigia kelele mapema, nikawateremsha abiria wa basi zima, pamoja na mbuzi wao na dereva aliyekuwa bado anabisha. Tangu hapo Mwamvita, jirani yetu wa ukuta mmoja, akawa haaniki nguo bila kuuliza.

"Mzee Eliaichi, shikamoo! Sugu inasemaje leo?"

"Marahaba, mwanangu. Anika khanga, mashuka acha."

Nguo zake hazikuwahi kulowa. Hilo halina chumvi, muulizeni mwenyewe.

Sasa njooni kwenye sukari. Nilienda kliniki kwa ajili ya kizunguzungu, wakanipima, wakaikuta. Nesi wa pale, Marietha, mama mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, akanipa vidonge na makatazo. Nisitembee peku. Nisikate sugu kwa wembe. Nikague nyayo kila siku, kwa sababu sukari inakula hisia za miguu, na mtu anaweza kuumia asijue.

"Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, nesi."

Nilikuwa naitikia tu. Macho yangu yalikuwa yanamuona Stanley.

Stanley tulisoma mita pamoja. Anakaa Vingunguti, jirani na machinjio. Yeye kwake ilianza na lengelenge la kandambili, kitu ambacho mtoto angekipaka mate akaendelea kucheza. Wakaondoa kidole. Halafu wakakata kwenye kifundo, kisha wakapanda mpaka chini ya goti. Nilipoenda kumtazama, suruali yake ilikuwa imekunjwa chini ya goti na kubanwa kwa pini.

"Wananichukua kwa awamu, Eliaichi," akasema, akacheka. Halafu akainama, akajikuna hewani, pale ulipokuwaga mguu. "Bado unawasha, unajua?"

Chai niliiacha nusu.

Niliporudi Goba siku ile nilikitazama kile kilima kutoka barabarani mpaka getini kwangu kama sijawahi kukiona. Mvua ikinyesha hata bajaji zinakikataa. Nikasema, mguu huu ukiondoka, mie nitabaki huko juu kama tangi la maji, nasubiri watu waje kunigonga kujua kama kuna kitu ndani.

Kwa hiyo sugu lazima iondoke kabla haijageuka kidonda. Wembe nimekatazwa. Lakini maji ya betri nesi hakuyataja.

Msicheke. Sie wasoma mita wote tulikuwa tunajua dawa hiyo. Unaenda kwa fundi betri, unaomba kidogo, unadondoshea juu ya sugu, inakauka na kubanduka kama kifuniko cha soda. Nikaenda.

"Mzee, ya gari au ya pikipiki?" fundi akauliza.

"Ya mguu."

Alinitazama, akanimiminia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.

Tekla, mke wangu, alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nikakaa nyuma ya nyumba, nikafunga pamba kwenye kijiti cha kiberiti, nikajiwekea taulo mdomoni ili nikipiga kelele Mwamvita asisikie. Nikadondosha, nikafumba macho, nikasubiri moto.

Moto haukuja.

Harufu ilikuja. Harufu ya kwato zikichomwa, ileile ya mtaani kwa Stanley. Lakini maumivu, hakuna. Nikatoa taulo mdomoni, nikajisifu: kumbe mie mwanaume! Nikaongeza tone. Kesho yake nikaongeza tena. Sugu ikawa nyeupe, ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi, na kule kugonga kwenye jino kukakoma kabisa. Nilitembea Goba yote nikimwambia kila niliyekutana naye kwamba nimeing'oa sugu kwa jino langu mwenyewe.

Halafu ikanyesha.

Asubuhi Mwamvita aliniuliza kama kawaida, nikasikiliza mguu, mguu kimya, nikamwambia aanike nguo za nyumba nzima. Kabla hajamaliza kufua ndoo ya pili, mvua ilishuka kama mtu amepasua bomba kubwa la mtaa. Mashuka yalikimbia na maji mpaka kwenye mtaro.

"Mzee, sugu yako imelala leo?" akapiga kelele juu ya ukuta, mashuka yametota mikononi.

Nikacheka. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, na hapo kicheko kikaisha. Nikaushika mguu, nikaubonyeza kwa dole gumba. Dole gumba lilisikia mguu. Mguu haukulisikia dole gumba. Nikafinya kwa kucha. Ilikuwa kama nafinya mguu wa mtu mwingine aliyelala kitandani kwangu.

Jasho likanitoka wakati nje kuna baridi ya mvua. Kumbe miaka yote ile niliyoitukana ile sugu, ilikuwa inaniambia mguu upo.

"Baba Daniel, mbona umekaa gizani?" Tekla aliuliza mlangoni.

"Napumzika."

"Na sugu?"

"Imepona."

"Imepona na nini?"

"Maombi ya kwaya yenu."

Aliguna, akaenda zake. Nami nikavaa soksi, na sikuzivua tena mbele yake. Ningemwambia, angenipeleka kliniki, na kliniki wangeanza na kidole. Niliijua hesabu ya Stanley ilivyokwenda.

Jumamosi ile Matar alikuwa anamwoza binti yake, Yumna. Matar ndiye mwenye duka pale njia panda, ukoo wao wa kuuza unga na mafuta tangu babu wa babu, na mie ndiye mshindani wake wa dhumna. Sikuweza kukosa. Viatu vyangu vyeusi nilivipeleka kwa fundi avigongee soli, nikavivaa, tukateremka na Tekla taratibu. Nilijisikia vizuri. Nilitembea bila kuchechemea, hata Tekla akaliona hilo.

"Kweli umepona," akasema.

Mlangoni kwa Matar watu wanavua viatu, hiyo haina mjadala. Nikavua, na soksi nikazivua maana zilikuwa zimeloa. Nikasema ni jasho, sikuzitazama, nikazisokomeza ndani ya kiatu. Tekla akaelekea uani kwa akina mama. Mie nikaingia sebuleni kwa wanaume, ambako Bi Wahiba, mke wa Matar, alikuwa ametandika zulia jipya la rangi ya maziwa.

"Mzee Eliaichi! Karibu, karibu! Tupe moja kabla pilau haijaja," Matar akaita.

Basi nikawapa. Nikaanza ile ya mbwa wa Msasani aliyejua kusoma mita, ambaye ukiandika uongo anabweka. Huku nasimulia, nazunguka nasalimia mmoja mmoja, mkono kwa mkono, ukuta hadi ukuta. Wakaanza kunyamaza. Nikajua nimewakamata! Nikaongeza: mbwa akaitwa ofisini, akapewa kofia. Kimya. Hata mzee mmoja aliyekuwa anachezea tasbihi akaacha. Sijawahi kushikwa masikio namna ile.

Halafu nikaona hawanitazami usoni.

Nikageuka. Nyuma yangu, tangu mlangoni, kuzunguka chumba chote, palikuwa na alama za mguu mmoja. Nyekundu. Kila nilipopeana mkono na mtu palikuwa na kidimbwi.

"Nani kaumia?" nikauliza. Kweli niliuliza hivyo.

"Mzee," Matar akasema taratibu, kama mtu anayemsemesha mtoto juu ya mti, "kaa chini. Ni wewe."

Wakanikalisha. Mtu mmoja akaleta kiatu changu, akaingiza mkono, akautoa haraka. Msumari wa fundi viatu ulikuwa umesimama ndani ya soli, mrefu kama jino la panya, na nilikuwa nimeteremka nao kilima kizima. Nikaunyanyua mguu. Sugu haikuwapo. Palikuwa na shimo jeusi, na ndani ya shimo, wekundu unaochuruzika. Na haukuuma. Nilisubiri uume, mbele ya wanaume wote wale nikaomba moyoni uume, haukuuma.

Tekla aliitwa. Alikuja na khanga begani, akautazama mguu, akanitazama mimi.

"Maombi ya kwaya," akasema. Akatoka kutafuta bajaji ya kutupeleka kliniki.

Nilitaka kumwomba Bi Wahiba radhi ya zulia. "Zulia linafuliwa, baba, nenda!" akapiga kelele, analia.

Marietha alisafisha, akanusa, akauliza niliweka nini. Nikafungua mdomo. Tekla akakohoa. "Maji ya betri," nikasema.

Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alichukua kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki mwisho wake, kama unywele wa fagio.

"Fumba macho, baba. Nitakugusa kwenye nyayo. Ukisikia, sema ndiyo."

Nikafumba. Nikamuona Stanley anajikuna hewani. Nikahesabu pumzi. "Ndiyo," nikasema. Nikatulia kidogo. "Ndiyo." Nikatulia tena, ili ionekane ya kweli. "Ndiyo."

"Baba," sauti ya Marietha ikaja, "bado sijakugusa."

Nilisikia pumzi ya Tekla ikikatika. Sijawahi kupata giza kama lile nyuma ya kope zangu. Maisha yangu yote nimeongeza palipopungua, na hapo hapakuwa na pa kuongeza. Nikanyamaza. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka nikadhani ameondoka chumbani.

Kisha mbali, kama inzi ametua juu ya blanketi, kitu.

"Ndiyo?" nikasema.

"Dole gumba. Endelea."

Kisigino nacho nilikisikia. Kidole kidogo na vya jirani yake, hapana. Daktari akaja, picha ikapigwa, tukasubiri kwenye benchi na mkono wa Tekla juu ya goti langu, unalibana kama vile wanakuja kulichukua. Daktari akasema msumari haujafika mfupani. Akasema tutajaribu kuuokoa mguu. Nilimuuliza "tutajaribu" maana yake nini. Akasema maana yake ni hiyohiyo.

Bado tunajaribu. Shimo limepungua, limekuwa kama punje ya dengu. Kiatu nakikung'uta na kuingiza mkono kabla ya kukivaa, hata kandambili naipapasa. Na kila asubuhi nakaa barazani, Tekla anauweka mguu mapajani, anaufungua kitambaa, anaugeuza kwenye mwanga. Mie siuangalii. Naangalia uso wake. Akikunja kipaji, nahesabu vidole vyangu moyoni.

Leo amekikunja, akauinamia zaidi. Papo hapo kichwa cha Mwamvita kikatokeza juu ya ukuta, na beseni la nguo.

"Shikamoo, mzee! Vipi, nianike?"

"Marahaba," nikamwambia, macho yangu kwenye uso wa mke wangu. "Subiri kwanza, mwanangu. Bado nasomwa."