Laini ya Maige

Watu hufuga kuku. Mimi kwa miaka sita nimefuga laini ya simu, kila mwezi naitilia vocha isije ikafungwa.

Ni ya mwanangu Maige. Siku ile alitoka Nyasubi kwa mkewe Ritha, akazungukia kwangu Kolandoto mchana kuniaga, akielekea Geita kwenye rashi, kule wachimbaji walikokimbilia dhahabu mpya. Alikula ugali kwa mlenda, akanitania kwamba nimezeeka, akaondoka mbio kuwahi gari. Kitochi chake, kile kisimu kidogo cha vitufe, akakisahau kwenye chaji. Nilikimbia nacho hadi barabarani, nikakuta vumbi. Tangu hapo hakuna duara la kuchimbia dhahabu, hospitali wala kituo cha polisi tulikouliza wakasema wamemwona.

Sikumwambia mtu kwamba simu ninayo, niliogopa wangeniambia niitoe. Jioni nilikuwa napiga kutoka kwenye simu yake kuja kwenye yangu, ili jina lake litokee. Sipokei. Naliangalia tu mpaka likate. Mwanamke mzima na mvi zangu! Najua. Lakini nilimtamani mwanangu, basi. Na watu wengine wakimpigia, nilipokea nikanyamaza, nisikie nani bado anamtafuta.

Mwaka huu Masalu, mdogo wa marehemu mume wangu, alihamia kwenye nyumba ya Maige pale Nyasubi, eti anailinda. Ulinzi gani huo wa kumtoa mke wa mtu na mtoto wake? Ritha akapanga chumba kimoja na mjukuu wangu Noela, mwenye miaka minane. Nikampeleka kwa wakili Aneth.

"Ritha anahitaji kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi," wakili alisema. "Tatizo ni kwamba mtu aliye hai hana mirathi. Ila akimaliza miaka mitano bila kusikika kwa watu wake, sheria inamhesabu amekufa. Mama, wewe umewahi kumsikia?"

"Sijamsikia."

Huo haukuwa uongo. Ukoo ukakaa bila Masalu, muhtasari wa kikao ukaandikwa, nikatia dole gumba huku nimegeuza uso pembeni.

Siku ya kesi, pale Kahama, Masalu akasimama na pingamizi lake.

"Mheshimiwa hakimu, huyu mtu ni mzima. Simu yake inaita na inapokelewa. Mimi mwenyewe nimemsikia anapumua. Amejificha tu, ana mwanamke huko Runzewe."

Wakili Aneth akanigeukia. Nikatazama sakafu. Hakimu akamwambia Masalu apige palepale, aweke sauti ya nje.

Ikaita. Ndani ya kikapu changu, chini ya khanga, kitochi kikaanza kutetemeka. Nilikisikia peke yangu, kwenye mapaja. Nikikaa kimya, niliwaza, Maige yu hai. Yu hai kwa maandishi, kwa muhuri wa mahakama! Ni mama gani asiyeitaka zawadi hiyo? Nikamtazama Ritha. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nikakumbuka viatu vya Noela asubuhi ile, soli imeachia, amevifunga kwa kamba ya katani aende shule.

Nikakitoa kitochi, nikabonyeza.

"Haloo," nikasema, na sauti yangu ikatokea kwenye simu ya Masalu.

Hakimu akaniuliza taratibu, "Mama, mwanao yuko wapi?"

"Simu aliisahau kwangu siku aliyoondoka. Anayepumua ni mimi. Yeye..." Nikakilaza kitochi mapajani. "Maige alikufa, mheshimiwa."

Karani akaandika. Kalamu yake haikusita hata kidogo. Nilimchukia.

Pingamizi likatupwa, Ritha akateuliwa msimamizi, na Masalu akaambiwa atoke kwenye nyumba ya watu. Wakili Aneth alinikumbatia kwa furaha. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kulala chini palepale.

Nje Ritha alisimama ameshika karatasi zake.

"Mama, ile Krismasi nilimpigia nikalia. Nikamwambia namsubiri, hata akirudi mikono mitupu. Akapumua. Akakaa na mimi mpaka salio likaisha."

"Ni mimi, mwanangu."

"Mwalimu Bartholomeo alinichumbia mara mbili. Nilimkataa kwa ajili ya zile pumzi."

Nilijua. Habari za huyo mwalimu alinisimulia mwenyewe kwenye simu, mara zote mbili, nami nikanyamaza. Tena nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba simngoji peke yangu.

Nilimwambia hivyo hivyo. Angenitukana, ningepata nafuu. Alinishika mkono, tukavuka barabara pamoja, na kitochi ndani ya kikapu kilikuwa bado kimewaka.