Mama Aliyekubali Kila Kitu

Nitasema ukweli mapema nisije nikaonekana shujaa. Siku hiyo niliogopa kupoteza kazi yangu kabla sijaogopa Mama Kolani kupoteza mguu wake. Hofu zangu zilipangana hivyo, na sijivunii.

Mama Kolani alikuwa mmoja wa wazee tuliowatunza katika nyumba ya Elkanah kule Anoka, nje ya Minneapolis. Elkanah ni Mkisii, ana nyumba tatu za namna hiyo. Ukiiona kwa nje ni nyumba ya kawaida tu, ina gereji na nyasi mbele. Ndani kuna wazee, na Wakenya kama mimi tunaowalisha, tunaowaogesha na kuwapa dawa. Mama alitoka Togo, kaskazini kabisa, akaletwa Marekani na mwanawe Douti kwa sababu ya ugonjwa wa sukari na kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Siku alipofika, mimi ndiye niliyejaza fomu. Nchi: Togo. Lugha: hapo sikumuuliza mtu. Niliandika Kifaransa, maana Togo ni nchi ya Kifaransa, kila mtu anajua, na Douti, aliyekuwa amesimama hapo na tai yake, akaitikia kwa kichwa.

Mimi wa kuandika hivyo! Nyanya yangu kule Igembe amezeekea nchi yenye Kiswahili na Kiingereza kwenye katiba, na ukimwambia neno lolote lisilo la Kimeru anakutazama mpaka ujionee haya. Lakini ukishakaa huku miaka tisa unajaza fomu, hufikirii. Kisanduku kikiwa kitupu, unakijaza.

Wiki tatu zikapita. Mama alikuwa mtu wa tabasamu. Asubuhi “bonjour”, jioni “merci”, na katikati tuliongea kwa mikono. Kukiwa na jambo la maana tulipiga simu ya wakalimani wa Kifaransa, tukamuuliza, akajibu “oui”, nami nikaandika. Elkanah alinisifu kwamba faili langu ni safi kuliko yote.

Kidonda hakikusoma faili. Kilioza. Alhamisi ile, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa na Mama, faili lake mapajani mwangu, katika hospitali moja ya Minneapolis. Saa saba mchana wangemkata mguu chini ya goti. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, na alitaka kumweleza Mama kwa mara ya mwisho. Waliingiza kile kiskrini cha magurudumu cha kupigia wakalimani, na sauti ya mwanamume ikajitambulisha kwa Kifaransa na Kiingereza: jina Yves, mkalimani. Daktari alipokuwa akitafuta karatasi zake, nilimsikia Yves akimwambia mtu nyumbani kwake, “Funga mulango, niko ku kazi.” Kiswahili cha Bukavu. Nikatabasamu peke yangu.

Daktari akaeleza. Sumu inapanda, mguu hauponi tena, tutakata hapa, alionyesha. Yves akageuza kwa Kifaransa. Mama alimsikiliza kwa adabu, mikono juu ya blanketi.

“Unaelewa?”

“Oui.”

“Unakubali?”

“Oui.”

Daktari akaandika. Mama akanigeukia, akanigusa kiwiko, akaonyesha viatu vyake chini ya kiti. Viwili. Akanyoosha miguu yote miwili nimvalishe, maana mazungumzo yalikuwa yamekwisha na yeye alikuwa tayari kwenda nyumbani.

Nilikitazama kiatu cha kushoto, kisha nikautazama mguu wa kushoto uliofungwa bandeji.

“Yves,” nikasema kwa Kiswahili, haraka, kabla woga haujanifunga mdomo. “Mimi ni Mkenya. Tafadhali muulize Mama kama yeye ni mwanamume.”

Wakalimani hawaruhusiwi kuongeza neno lao, wanageuza tu. Yves akauliza hata hivyo.

“Oui,” alisema Mama Kolani.

“Muulize kama ana miaka kumi.”

“Oui,” alisema, na akatabasamu kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama.

“Dada,” Yves alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kazini, “huyu mama haelewe Kifaransa hata kidogo. Anasema oui kwa heshima tu. Kwetu pia iko vile. Mutu wa serikali akikuja na Kifaransa yake, unaitika, anaenda zake.”

Ilibidi nimgeuzie daktari mimi mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Alisema faili linasema lugha ni Kifaransa, mtoto wa Mama amethibitisha, majibu ya wiki tatu yapo. Hawezi kumkata mtu asiyejua anakatwa. Hawezi pia kungoja mpaka kesho, kwa sababu kesho sumu ikifika kwenye damu tutakuwa tunazungumzia maiti. “Tafuta mtu wa kuzungumza naye,” aliniambia. “Una mpaka saa saba.” Akatoka kwenda kuwauliza wakubwa wake.

Nilimpigia Elkanah. Sijui nilitarajia nini.

“Kendi, hebu skiza,” alisema. “Doctor alikuwa na consent, si ndio? Sasa wewe unaharibu ya nini? Hiyo form ni wewe uli-sign, si mimi. State wakikuja ku-investigate, watauliza ni nani aliandika French. Watapata jina gani hapo?”

“Langu, bosi.”

“Haya basi. Kaa chini unyamaze, wakate, mama apone. Hujafanya kitu kibaya.”

Nitakiri: nilikaa chini. Dakika tano nzima nilikaa kwenye kile kiti nikijiambia kwamba Elkanah ana busara, kwamba mguu utakatwa vyovyote vile, kwamba mimi si daktari. Nina mtoto shule, nina cheti kimoja tu cha kutunza wazee, na cheti kikifutwa nitarudi kukunja mataulo hotelini Bloomington. Mama alikuwa ananipigapiga mgongoni. Alidhani naumwa.

Douti aliingia akihema, ametoka kazini amwone mama yake kabla ya upasuaji. Nilimrukia kabla hajaketi. “Mwambie mama yako anakatwa mguu,” nilimwambia kwa Kiingereza. “Mwambie kwa lugha yake. Sasa hivi.”

Akainama kwa mama yake akaanza Kifaransa, Kifaransa kizuri cha mtu aliyesoma.

“Oui,” alisema mama yake.

“Si hiyo!” nilifoka. “Lugha ya kwenu!”

Mwanamume yule akakaa kitandani, pembeni ya miguu ya mama yake, akasema bila kunitazama kwamba lugha ya kwao ni Kimoba, na kwamba yeye anajua salamu tu, na majina ya vyakula, na namna ya kuomba maji. Alipelekwa Lomé kwa mjomba akiwa na miaka sita. Huko shuleni, mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivalishwa kipande cha mti shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Alikivaa muhula mzima. Alipopata lugha nyingine hakutaka tena ile ya kwanza. Nyumbani dada yake ndiye aliyekuwa akiwageuzia, yeye na mama, na dada alifariki mwaka juzi.

“Kwetu tuliita diski,” nilimwambia. Hasira ilinipungua kidogo, hofu ikabaki palepale. “Lakini kwa nini ulituambia anajua Kifaransa?”

“Ningesemaje?” alijibu. “Kwamba mama yangu hakusoma? Kwamba mimi siwezi kuongea naye?”

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimeshawekewa saa. Yves alikuwa bado kwenye kiskrini, nilimwomba asikate. Alitafuta kwenye orodha ya kampuni yake, akasema Togo wana Kifaransa na Kiewe tu, Kimoba hakipo. Douti alipiga simu kwa Watogo wawili anaowajua. Wote ni wa kusini, na mmoja aliuliza hiyo ni lugha gani. Simu ya jirani yao kule kijijini haikushika. Ilikuwa saa sita na dakika tano.

“Musitafute Togo,” Yves alisema ghafla. “Batu ba kule juu bako na bandugu Ghana. Mupaka ulipita katikati yao. Bamoja bakapewa Kifaransa, bengine Kiingereza, lakini nyumba ni moja. Sisi ba Bukavu tunajua mambo ya mupaka. Tafuteni mutu wa Ghana.”

Maureen, tuliyesoma naye kozi ya uuguzi, ameolewa na Mghana wa Kumasi. Nilimpigia kwa haraka hata nikakosea nambari mara mbili. Mumewe alicheka kwanza, akasema huko ni mbali mno na kwao, wengine hata hawajui kama ni Ghana. Kisha akauliza kwenye kundi la simu la kanisa lao. Saa sita na nusu nilipata nambari ya mtu anayeitwa Dubik, kutoka Bunkpurugu, anayeendesha basi dogo la hoteli kule uwanja wa ndege. Daktari aliporudi nilimwambia huyu si mkalimani wa kusomea. Akasema ndiye tuliye naye, na ataandika hivyo.

Dubik alikuwa ameegesha akingoja wageni. Nilisikia ndege ikipita juu yake. Nilimweleza kwa Kiingereza, nikafungua spika nikaweka simu mkononi mwa Mama, na Dubik akasema maneno matatu au manne.

Mama Kolani aliinuka. Wiki tatu sikuwahi kumwona akikaa wima bila kusaidiwa. Aliishika simu kwa mikono miwili akajibu, Dubik akajibu, akajibu tena, na salamu zikaenda mbali: nyumba, watoto, mifugo, ukoo wa huyu, ukoo wa yule. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbia nami nilitaka kupiga kelele. Lakini Dubik hakuwa na haraka ya kumkata mtu mzima kauli, wageni wake wangoje. Ndipo sauti yake ikashuka, na nikajua amefika kwenye mguu.

Mama aliutazama mguu. Akaugusa juu ya bandeji. Hakulia. Alisema maneno machache makavu.

“Anasema ukatwe,” Dubik alituambia. “Mume wake alikufa na mguu kama huu, hakutaka uguswe. Anasema harufu yake aliijua siku nyingi, alikuwa anangoja mtu amwambie.”

Hofu yote ile, na jambo lenyewe likawa jepesi hivyo. Douti alifunika uso. Akamwomba Dubik amwombee radhi, mwana akiomba radhi kwa mama yake kupitia dereva asiyemjua, na Mama akamjibu kwa njia hiyohiyo.

“Anasema alijua umeipoteza lugha yenu,” Dubik alisema. “Anasema aliona ukifurahi kila akisema oui. Ndiyo maana alisema.”

Wauguzi walikuwa wameshafika mlangoni na kitanda cha magurudumu. Mama aliwatazama, kisha akanitazama mimi, kisha lile faili mapajani mwangu, na akauliza swali. Dubik akalitafsiri.

“Anauliza, nini kingine amekubali?”

Nilifungua faili. Kurasa ishirini na mbili, mwandiko wangu mzuri. Amekubali kuogeshwa na mwanamume ikibidi. Amekubali nyama yoyote. Amekubali barua zake zifunguliwe. Nilisoma moja moja, Dubik akageuza, na Mama akawa anatikisa kichwa kwa mshangao, hata akacheka kwenye nyama. Nikafika ukurasa wa kumi na tisa, nikaacha kusoma.

Ilikuwa idhini ya wiki ya pili, saa kumi jioni, simu ya dakika sita. Moyo wake ukisimama, asishtuliwe, asipuliziwe pumzi, aachwe aende. Mkalimani alieleza vizuri, Mama akasema oui, mimi nikaandika “amekubali”, daktari wetu akatia sahihi, na nikaenda kupika uji. Nakala ilikuwa imetumwa hospitali. Kifundo chake cha mkono kilikuwa na mkanda wa zambarau niliouona tangu asubuhi nikadhani ni pambo la wodi. Alikuwa karibu kuingia chumba cha upasuaji, mwanamke wa miaka sabini na minne, akiwa amevaa amri ya kutookolewa.

“Endelea,” Dubik alisema. “Anauliza mbona umenyamaza.”

Nilisoma. Dubik naye aligeuza polepole. Mama Kolani alisikiliza mpaka mwisho. Akautazama ule mkanda, akaunyoosha mkono wake kwa daktari, akasema.

“Anasema mguu kateni,” Dubik alituambia. “Lakini moyo wake, nani aliwaambia umechoka?”

Douti alikuwa anatazama sakafu. Daktari alikuwa anatafuta mkasi mfukoni. Simu yangu nyingine, ya kazini, ilikuwa inatetemeka, jina la Elkanah juu yake, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe.

“Mwambie ni mimi,” nilisema. “Mwambie naitwa Kendi, na ni mimi niliyeandika.” Nilisema kwa Kiingereza, polepole, ili daktari naye asikie.