Mtihani wa Nyuma ya Pazia

Umulkheir hakuwa mwalimu, na asingependa aitwe hivyo mbele za watu. Alikuwa mama wa watoto wawili, mke wa Abdulqadir mwenye duka pale Mbwajumali, na mkaza mwana wa Nana. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Shule ilikuwa Kizingitini, na Nana, aliyehamia kisiwa hiki cha Pate kutoka mjini Amu na ustaarabu wake mzima bila kupungua hata uzi, alikwisha kata shauri: binti wa nyumba yake hatapita njiani kila siku kuangaliwa na wavuvi. Basi Umulkheir, aliyefundishwa kusoma na marehemu babake, akatandika mkeka jikoni, akamkalisha binti yake Shifaa, masomo yakaanza.

Walisoma penye nafasi na pasipo nafasi. Majina ya mito ya Afrika yalikaririwa nazi zikikunwa, hata ikawa Shifaa akisikia Zambezi anaona njaa. Kugawanya kulisomwa kwa mkate wa mofa: mikate saba kwa watu watatu, kila mtu miwili, na baki ni ya Nana. Nana alizipenda mno hesabu zenye baki. Zile zinazogawanyika sawasawa alizikataa waziwazi, akasema ni hesabu za mabahili. Fadhil, kitindamimba wa miaka sita, alihesabu mpaka mia bila kosa ila saba, ambayo aliiruka kila mara kwa sababu aliyoijua yeye na Mola wake.

Nana mwenyewe hakuwa mwanafunzi, msimsingizie. Alikaa pale kuchambua mchele tu, tena akilalamika kwa sauti kwamba elimu hii ya kizungu haina nuru. Ila mchele ule ulichambuliwa ukachambuliwa tena, na kila Shifaa aliposita kwenye hesabu, jibu lilitokea kwenye ungo.

Kulikuwa na asubuhi ambazo Umulkheir aliacha kukuna nazi akawatazama tu, watatu hao juu ya mkeka mmoja wakibishana kuhusu Zambezi, akasema moyoni alhamdulillahi. Hakuwa na la zaidi la kuomba. Na mtu akifika hapo, ndipo mgeni hupiga hodi.

Mgeni alikuwa Swafiya, dada mkubwa wa Abdulqadir, mjane mwenye nyumba ya ghorofa Mombasa. Alikuja kwa basi hadi Mokowe, akavuka kwa motaboti, akaingia na buibui limejaa vumbi na kinywa kimejaa maneno.

"Shifaa narudi naye Mombasa," alisema hata maji hajanywa. "Kule kuna shule za wasichana, zina madawati. Hapa mnamfundisha kugawa mikate. Awe nani, mwoka mofa?"

Abdulqadir alikuwa mtu wa amani, yaani alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Safari hii mkewe na dadake walisema mwisho kwa pamoja, ikambidi atafute mtu wa tatu. Akamtaja Mwalimu Ndirangu, mtu wa bara aliyefundisha Kizingitini tangu mwaka wa uhuru. Mwalimu aje ampime mtoto. Akisema anajua ayajuayo mtoto wa darasa la tano, atabaki kwao. La sivyo, atafuatana na shangazi yake.

Umulkheir alikubali kwa mdomo. Siku zile alitia chumvi kwenye chai na sukari kwenye mchuzi, na watu wakala hivyohivyo, maana walimhurumia. Hakuogopa aibu ya kushindwa. Aliogopa kuamka aukute mkeka hauna Shifaa.

Siku ya mtihani palizuka jambo ambalo Mwalimu Ndirangu hakujiandaa nalo. Shifaa alikwisha kuvunja ungo. Mwari wa watu haketi mbele ya mwanamume asiye wake, wala hapazi sauti mbele yake. Kwa hiyo mwalimu aliketishwa kwenye baraza ya dakani, nje ya mlango, akapewa halua na kahawa, na mlangoni likashushwa pazia. Nyuma ya pazia walikaa wanawake wote wa nyumba. Ajuza hana haya na mtu, basi desturi ikampa Nana kazi ya usemaji: Shifaa amnong'oneze jibu, naye Nana alifikishe nje.

"Nana tafadhali," Umulkheir alimsihi, "useme atakalokwambia Shifaa tu."

"Wasiwasi wa nini, mwanangu? Mimi yeo ni mdomo. Kitwa ni chake."

Mwalimu Ndirangu, ndani ya kaptula yake na soksi ndefu, alilitazama lile pazia. Alikwisha wapima watoto wengi, lakini pazia alikuwa hajalipima bado.

"Hujambo, Shifaa?"

"Hajambo!" Nana alipaza sauti. "Na babake hajambo, na sote hatujambo. Na huko kwenu nti ya baridi, mama yako aketije?"

"Anaendelea vizuri, asante. Haya, Shifaa. Tisa mara saba?"

"Sitini na tatu!"

Shifaa alikuwa hajafumbua mdomo. Umulkheir alimfinya Nana paja.

"Shifaa, mto upi mkubwa unaoingia bahari ya Hindi huko Msumbiji..."

"Zambezi! Uwi! We Umulkheir, wanifinyani?"

Abdulqadir, aliyekaa dakani na mgeni wake, alianza kutokwa na jasho. "Samahani, Mwalimu. Huyo ni mama yangu. Yeye hupokea jibu na kulifikisha."

"Nimeona," alisema Mwalimu Ndirangu. "Hulifikisha kabla ya kulipokea."

Akafikiri kidogo, akala halua, kisha akatunga swali ambalo aliamini hakuna bibi yeyote wa kisiwani atakayeliwahi. "Gari la moshi linaondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi. Linakwenda maili ishirini na tano kila saa. Litafika saa ngapi mahali palipo mbali maili mia mbili?"

Kweli Nana alinyamaza. Ndani, Shifaa alihesabu kwa vidole juu ya goti, akamwinamia bibi yake sikioni. Umulkheir alisoma midomo yake: saa nane. Moyo ukamtulia. Lakini Nana hakusema. Alikuwa amekunja uso.

"Saa nane?" alinong'ona. "Na adhuhuri je?"

"Adhuhuri gani, Nana?"

"Adhuhuri ya Mungu! Gari limeondoka alfajiri, lifike saa nane, na watu wamo ndani. Hawaswali?"

Shifaa alifikiri. "Litasimama."

"Litasimama, ndiyo. Na gari zima watawadhe kwa bomba moya. Tia nusu saa."

"Nusu saa haitoshi, Nana."

"Yatosha. Wasafiri hawa, swala yao ni fupi."

Umulkheir aliwasikia wote wawili, akawaacha. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuliona gari la moshi maishani mwake, na hoja ya Nana aliiona nzito.

"Saa nane na nusu!" Nana alitangaza.

"Hapana," alisema Mwalimu Ndirangu, na alionekana kusikitika kweli. "Ni saa nane kamili. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano lazima aipate. Pole, Bwana Abdulqadir."

Swafiya aliinuka kwenye mkeka, akauliza sanduku la bati la kutilia nguo za Shifaa liko wapi. Machozi yalimdondoka Umulkheir hapohapo, mbele ya wifi yake, akayaacha yadondoke.

Hapo pazia likasema kwa sauti nyingine, nyembamba na yenye kutetemeka.

"Mwalimu, hesabu ni sahihi."

Nana alijipiga kifua. Mwari amesema! Lakini Shifaa alikwisha kumwona mama yake akilia, na haya zote zilimtoka.

"Mia mbili kwa ishirini na tano ni nane. Toka saa kumi na mbili, ni saa nane. Hiyo nusu ni ya kusimama watu waswali adhuhuri. Kama watu hawa hawaswali, Mwalimu, ungetuambia mapema."

Mwalimu Ndirangu alifunga macho. Kwanza mabega yakamtikisika, kisha kahawa ikamwagika, na mwisho akacheka mpaka Fadhil akatoka uani kuja kuona. "Bwana Abdulqadir," alisema akijifuta, "wanafunzi wangu huhesabu gari tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za waliomo ndani. Mtoto huyu anajua, tena anafikiri. Mwacheni kwa mwalimu wake."

"Lakini gari halisimami!" Swafiya alifoka. "Mimi nimelipanda hadi Voi! Halisimamii swala ya mtu!"

Nana aligeuka polepole. "Halisimami?"

"Halisimami, mama!"

"Basi wewe adhuhuri uliswali wapi?"

Swafiya alijifunika buibui, akarudi kuketi. Tangu aingie, hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumba kupata raha ya kimya chake.

Asubuhi ya pili Umulkheir alimpelekea wifi yake chai, safari hii yenye sukari. Alimkuta amekaa kando ya mzigo uliofungwa, hana kelele kabisa.

"Wifi," alisema Swafiya, "madawati ni maneno tu. Nyumba yangu ina vyumba vinane na hakuna anayenijibu. Barua za Abdulqadir nasomewa na jirani, na jirani yule huongeza yake. Nilitaka mtu wa kunisomea. Nilitaka sauti ya mtu."

Umulkheir alikuwa amekuja na hasira yake imeandaliwa vizuri, akaikosa. Aliona vyumba vinane vitupu, akasikia jikoni kwake Nana na Shifaa wakigombana kuhusu ikweta, na furaha ya alichojaliwa ikamjaa mpaka ikamuuma. Akafungua mzigo wa Swafiya, akamshika mkono, akampeleka jikoni, akamkalisha mkekani baina ya watoto. Akampa chaki. Kisha akaushika kwa mkono wake ule mkono uliokuja kumchukua mwanawe, wakaandika pamoja sakafuni alifu ya kizungu, kubwa, iliyopinda.

Fadhil aliisogelea, akaitazama.

"Shangazi," alisema, "ukikosa usilie. Hapa hatupigwi."