Nusu Dakika ya Mama

...labda folda ile ya kuhamia nyumba hii, labda hapo, akaifungua, picha mia mbili na sita, zimejipanga mstari kwa mstari, kila moja na tarehe yake na saa yake, maana yeye si mtu wa kubahatisha, na nyuma yake yule dada wa hospitali, anayewafundisha watu kusema upya baada ya kiharusi, bado anasubiri kwenye kochi na daftari lake, "Hata nusu dakika inanitosha, nisikie tu mama alivyokuwa anaongea, haraka au polepole, sentensi alikuwa anaianzaje, ili tuanze na maneno yake mwenyewe," naye akajibu, "Ipo, naitafuta," ingawa tangu folda ya pili alishajua kwamba haipo... picha elfu kumi na moja za mama, na zote mabubu. Kwenye simu nako hakuna kitu, mama hakutuma ujumbe wa sauti hata siku moja, mtu aliyepokea simu za ofisi miaka thelathini aliona aibu kuongea na kitu kisichomjibu, na sauti yenyewe, Mungu wangu, kuna wateja walikuwa wanapiga tena wakijifanya wamekosea namba ili tu waisikie... ilikuwaje, ilikuwa nzito, au? "Dada, mpiga picha mzima," akasema mdogo wake, fundi cherehani, kasimama mlangoni, utepe wa kupimia bado shingoni, "hata kivideo cha bahati mbaya?" na ndiye huyu huyu aliyemwambia, mwaka jana, harusi tatu zilipompita mfululizo, "Watu wanataka kumsikia bibi harusi akicheka, dada, sekunde ishirini tu, kamera ni hiyo hiyo, jicho ni hilo hilo, unagomea nini?" naye akamjibu kwa maringo yake ya chuo kikuu, "Kelele wapige wengine, mimi napiga picha," na mama, aliyekuwa akikunja nguo pale pale, akacheka mpaka akashika ubavu, akaanza, "Sasa sikiliza, mwanangu..." akasema nini, akasema nini baada ya hapo? hakumbuki, anachokumbuka ni mwanga uliokuwa shavuni, kwamba aliikimbilia kamera, kwamba alisema, "Mama, ganda hapo hapo, usiongee, mdomo unaniharibia," na mama akaimeza sentensi yake nzima kama kidonge, akatulia. Akaitafuta picha hiyo, akaipata, nzuri, shavu, dirisha, midomo imefungwa... na zile zilizotangulia, alizopiga kabla mama hajatulia, za mdomo wazi? alizifuta, ndiyo sheria yake, kila jioni baada ya kazi anapitia na kufuta, midomo iliyo wazi, macho yaliyofumbwa, mbovu, mbovu, mbovu, miaka tisa amekuwa akimfuta mama akiongea, kwa kidole kimoja, huku anapiga miayo. "Haipo," akasema, bila kugeuka. Kalamu ya dada wa hospitali ikaandika kitu kifupi. "Sawa. Basi turekodi ya leo, mwezi ujao tuilinganishe," na mama kule kwenye kiti chake, mkono wa kulia juu ya mto, alikuwa bado anahangaika na ile sauti yake ya tangu asubuhi, "sss... saa...", mate pembeni ya mdomo, ni "sasa" hiyo, ni "sasa sikiliza", lazima iwe ndiyo, akainuka haraka, akachukua kamera, akabandua kwa ukucha plasta aliyokuwa amezibia kitufe cha kurekodi asije akakigusa kwa makosa, kidoti chekundu kikawaka, sekunde moja, mbili, akamwelekezea, "Ongea, mama, ongea tu," na mama alipoiona kamera akanyoosha shingo, akageuza shavu kidogo kuelekea dirishani, akafunga mdomo vizuri, ule upande wake unaotii, akatulia, sekunde ya tisa, ya kumi, akingoja ule mlio wa kamera wa kumruhusu apumue.